Kimya cha Wimbo wa Saba

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa gereji ya kunyoosha magari, na ubao mwingine juu ya matofali kwa wanaochelewa. Kushoto ni kibanda cha Waya, fundi simu, mwenye spika kubwa kuliko mlango wake. Kulia ni kibaraza changu cha ushonaji: cherehani ya miguu, kioo kilichopasuka pembeni, na kamba ya nguo zinazosubiri wenyewe. Katikati hukaa Mama Moto na jiko lake la makaa na birika lake la kahawa, na sheria ya kijiwe ni yake: mjadala mmoja, birika moja. Birika likiinamishwa lisitoe kitu, hakuna hoja mpya. Mikono inapanda, uamuzi unatoka, na watu wanarudi kwenye shughuli zao kama wanazo. Jumamosi hiyo kilichokuwa kimeshtakiwa ni wimbo.

Kutu ni kundi la vijana wanne wanaofanyia mazoezi katika stoo ya nyuma ya gereji, ukuta mmoja na kibaraza changu. Muziki wao wanauita metali, ila wanasema si metali ya kufuata mkumbo. Kijiweni tunauita muziki wa chuma na hatuulizi zaidi. Anayepiga gitaa ni kaka yangu, Nati. Mpiga ngoma ni Bodi, ambaye mchana ndiye anayenyoosha magari yaliyobonyea. Mwimbaji ni Koo. Wa besi hasemi chochote, kwa hiyo jina lake ni Yule.

Kabla albamu yao haijaenda kokote, inapita kijiweni kwanza. Jambo hili lilianza kama utani. Kwenye albamu ya kwanza waliondoa wimbo mmoja kwa sababu mzee mmoja wa kijiweni, Jaji, alisema unamkumbusha jino lake lililong'olewa. Baadaye watu wa mtaa wa pili wakausikia kwa bahati, na kweli walishika mashavu. Tangu hapo Nati hachezi na benchi lile. "Hawajui muziki," huniambia, "lakini wanajua kuchoka. Wakichoka, wimbo umekufa." Kijiwe kikiukataa wimbo, unaondolewa. Na wimbo wa saba wa albamu hii ya tatu ulikuwa na kitu changu ndani yake.

Niliacha shule kidato cha pili, mgongo wa mama ulipokataa kiti cha kushonea. Nikakikalia mimi. Tangu wakati huo kijiwe kizima kinanionea huruma. Watoto wa shule wakipita na sare zao, mzee Breki wa benchini huguna, "Pole, mwanangu," kana kwamba wamenikanyaga. Jaji huniletea suruali zisizochanika. Najua wananipenda. Lakini huruma ni kama nguo ya kuazima: inakusitiri, ila huwezi kuipunguza ikutoshe.

Kwa muda mrefu Bodi alilalamika kwamba cherehani yangu inamtoa kwenye mdundo. Alikuwa akigonga ukuta: "Dada, acha kidogo." Nami nagonga: "Acheni nyinyi, mimi nina oda." Kisha siku moja hakugonga. Nilikuwa nashona kola. Kola ina kona, na kwenye kona mtu hupunguza mwendo wa mguu, hugeuza kitambaa, halafu huongeza tena. Nilipopunguza, ngoma ya upande wa pili nayo ikapunguza. Nikadhani ni bahati. Kona ya pili, vilevile. Bodi alikuwa ananifuata. Bodi huyu, ambaye albamu mbili nzima alipiga kama mtu anayefukuza mwizi, alikuwa amejifunza kungoja.

Ndipo walipoibeba cherehani mpaka stoo, wakaweka kipaza sauti karibu na gurudumu ili kurekodi, na Nati akaushusha mlio wa mashine mpaka ukawa mzito. Nilishona shati la kweli la mteja wa kweli. Katikati, uzi ukakatika. Mama alinifundisha: uzi ukikatika usivute, simama, tunga upya. Nikasimama. Ngoma ikasimama. Gitaa, besi na sauti ya Koo, vyote vikasimama, stoo ikawa kimya mpaka nikajisikia nikimeza mate. Nikatunga uzi. Nilipokanyaga tena, waliingia wote pamoja kama ukuta unaoanguka.

Hawakurudia. Walisema huo ndio wimbo.

— Usiwaambie, Nati alinionya asubuhi ya Jumamosi ile. Wakijua ni wewe watausifia kwa huruma, na hatutajua kama ni mzuri.

Hakuwa na haja ya kunionya. Nami nilitaka kujua hilohilo. Nikaifunika cherehani kwa shuka, nikakaa nashona vifungo kwa mkono.

Breki alifika wa kwanza. Ameendesha malori maisha yake yote, na mpaka leo akikaa benchini hukanyaga chini kabla ya kusema jambo.

— Leo hapa pamepoa, alisema. Kuna kitu hakipo. Hata kahawa haina ladha.

— Kahawa ni ileile, alisema Mama Moto. Ulimi ndio umezeeka.

— Ulimi hauna mfupa, mama. Utazeekaje?

— Basi hauna shukrani.

Jaji alikuwa amevaa shati jeupe, kama kila Jumamosi yenye shauri. Si jaji wa kweli. Alifagia korido za mahakama mpaka akastaafu, akaacha fagio, akaondoka na maneno.

— Kabla hatujaingia kwenye wimbo wa saba, alisema, kumbukumbu zionyeshe kwamba washtakiwa wamebadilika tabia. Albamu ya kwanza vijana hawa walikuwa na hasira, na hasira yao ilikuwa na nidhamu. Ukilala wimbo wa kwanza ukaamka wa tisa, hujapitwa na chochote.

— Hiyo ni sifa? aliuliza Waya kutoka ndani ya kibanda.

— Huo unaitwa uthabiti. Albamu ya pili wakajifunza kulinganisha nyuzi za gitaa. Nikavumilia. Sasa hii ya tatu, wimbo wa pili wanagonga nyundo za gereji kwa kupokezana. Wa nne wanaimba wote, kila mmoja na sauti yake, kama ndugu waliogawana urithi bila kugombana. Wa tano unabadili mwendo kila nikishaanza kuuzoea. Hawa wamelainika.

— Wamekua, Jaji.

— Chuma hakikui, Waya. Chuma kinashika kutu.

— Si ndiyo jina lao?

— Samaki mkunje angali mbichi, alisema Breki, akakanyaga chini.

— Hiyo inaingilia wapi, mzee?

— Tuliwakunja wakiwa wabichi. Sasa wameiva, wanajinyoosha wenyewe. Kosa liko wapi?

— Samaki aliyeiva akijinyoosha, alisema Mama Moto, mimi nakimbia.

Walicheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimeangalia spika. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa kimya kabisa. Nilijua wote wanne wamekaa humo, migongo ukutani, wanasikiliza.

— Hofu yangu ni mashabiki, alisema Waya. Kuna vijana wanakuja kwangu kutafuta vifaa vya masikioni kwa ajili ya Kutu tu. Wanataka kutikisa kichwa. Huu wa saba watatikisa nini?

— Watatikisa mguu, alisema Mama Moto.

— Mguu hauvai vifaa vya masikioni.

— Weka wimbo, Waya, alisema Jaji. Mahakama imekaa.

Waya akabonyeza.

Unaanza na cherehani peke yake. Lakini ukishushwa vile mlio ule si wa cherehani tena: unatoka chini, mzito, unatembea. Kisha Koo anaingia. Zamani Koo alikuwa akiimba mpaka anatema damu, au ndivyo alivyopenda tuamini. Humu anaimba kwa sauti ndogo, kama mtu anayesema na ndugu yake wa kitanda cha pili wakati wengine wamelala. Gitaa la Nati linakuja jembamba, linanenepa, linajaa, ngoma zinapanda, besi ya Yule inatikisa vikombe juu ya benchi, na pale unapodhani sasa bati litang'oka, kimya. Hakuna kitu. Halafu mguu wangu, na ukuta unaanguka.

Ulipokwisha, Jaji alikuwa amekunja uso.

— Rudisha pale katikati. Spika yako ilikatika.

— Haikukatika. Wimbo ndio uko hivyo.

— Basi umeme.

— Taa hiyo hapo inawaka, Jaji. Wamenyamaza wenyewe.

— Mtu aliyekuja kupiga kelele ananyamazaje katikati ya kazi yake? Mimi ningeacha kufagia katikati ya korido?

— Ulikuwa unaacha, alisema Breki. Uliniambia mwenyewe. Ulikuwa unaegemea fagio unasikiliza kesi za watu.

— Hilo lilikuwa jambo la kisheria.

Mama Moto akazungusha vikombe. Breki akakipokea chake, akanusa, akakirudisha magotini.

— Wahenga walisema kimya kingi kina... kina...

— Kina nini?

— Kina wenyewe, alisema Breki, akanywa.

— Hawakusema hivyo.

— Hawakusema mbele yako.

— Tuanze na ule mlio wa mwanzo, alisema Jaji. Mimi nautambua. Ni taipureta. Karani wa mahakama ya juu alikuwa nayo. Akiandika maelezo ya shahidi mkweli, mlio unakwenda hivyohivyo, sawasawa. Akifika mahali shahidi anadanganya, anapunguza.

— Vijana wa gereji wapate wapi taipureta? Waya akauliza.

— Ndilo nitakalowauliza chini ya kiapo.

— Hiyo ni injini, alisema Breki. Gia ya chini, mlima unashuka, mzigo nyuma. Sikiliza pale inapopunguza: kona. Anaongeza: kanyoosha. Kona nyingine. Huyu dereva ni mzuri, hakanyagi breki ovyo.

Sindano ilinichoma kidole. Alikuwa amezitaja kona zangu zote, moja baada ya nyingine, na hajui.

— Na kimya je? aliuliza Mama Moto.

— Breki zimekatika.

— Hapo Breki umejitaja mwenyewe, alisema Waya. Mimi nina ushahidi wa kitaalamu. Mlio ule si wa ardhini. Nimefungua redio na simu za kila aina, najua. Ile ni setilaiti. Inapita juu yetu inahesabu nyumba. Nati ameinasa kwa waya wa gitaa.

— Inahesabu nyumba za nini?

— Wangejua wangeacha kuhesabu.

— Mimi nasikia mvua, alisema Mama Moto taratibu. Juu ya bati. Nilipokuwa msichana tulikuwa na chumba chenye bati moja jipya na mengine ya zamani. Lile jipya lililia hivyo.

Kisha Jaji akajikohoza.

— Mvua haipunguzi kwenye kona, mama.

— Ya kwetu ilipunguza.

Waya akaurudia wimbo, na safari hii kila mtu alikuwa akisikiliza cha kwake. Jaji alikuwa akipiga magoti kwa vidole, kama karani. Breki alikuwa ameshika usukani. Kimya kilipofika, Waya alinyanyua kidole kama mwalimu.

— Hapo. Nimekielewa kimya. Ni mtego. Mtu akiiba wimbo huu na kuusambaza bila ruhusa, akifika hapo simu yake inazimika, inampiga picha usoni, inamtumia Nati.

— Yangu je, niliyeusikiliza kihalali?

— Yako haina kamera, Jaji.

— Kwa hiyo sheria hainihusu, alisema Jaji. Mimi sasa naona zaidi. Karani yule alikuwa anaandika kesi ya mtu asiye na hatia. Vijana wameiba jalada lote la kesi, wakaligeuza muziki. Kila herufi ni pigo moja la ngoma. Ukikaa na kalamu ukaandika, utapata jina la muuaji.

— Kuna muuaji sasa?

— Kila kesi ndefu ina muuaji.

— Mimi lori langu halikuanguka, alisema Breki. Nimefikiri upya. Breki zilikatika, ndiyo, lakini dereva hakuliacha. Alilielekeza kwenye bonde, likaruka.

— Lori liliruka bonde, alisema Waya.

— Na mzigo wake. Lori likiwa hewani halina mlio, magurudumu hayagusi kitu. Hicho ndicho kimya. Halafu likatua ng'ambo. Wewe hukusikia lilivyotua?

Wote walikuwa wamesikia lilivyotua.

— Mwenda pole hajikwai, Breki akamalizia.

— Lori linalopaa ndilo mwenda pole?

— Lilipaa polepole.

Mama Moto akatikisa birika. Sauti ya ndani ilikuwa ndogo.

— Limebaki la mzunguko mmoja, alisema. Semeni la maana.

Jaji akasimama. Alipenda kusimama birika likikaribia mwisho.

— Basi nitoe maoni yangu. Mlio ni mzuri, siukatai. Anayeimba ametulia, nampongeza. Ila kimya kile ni kasoro. Ni shimo katikati ya barabara. Napendekeza mambo mawili: ama wimbo uondolewe, ama wakate kile kimya, waunganishe huku na huku, mtu asijue.

— Kukata inawezekana, alisema Waya. Ni kazi ndogo. Hata mimi naweza.

Nilikosa tundu la kifungo, nikalikosa tena. Kuuondoa wimbo ningeweza kuvumilia. Ningesema haukuwa mzuri, basi. Lakini kuukata pale na kuunganisha, kwamba mimi nishone bila kusimama, bila uzi kukatika, kama ambavyo hakuna mtu duniani anayeshona, hilo singelivumilia. Nilifungua mdomo.

— Na wewe binti, Breki akanigeukia, unasemaje? Aka, pole mwanangu. Tunakuchosha na mambo ambayo hata sisi hatukuyasomea.

Nikaufunga mdomo. Nikakata uzi kwa meno.

— Nasikiliza tu, mzee, nilisema. Ila msiamue kabla hamjausikia wote bila kuongea. Mara zote mbili mliongea juu yake.

Walitazamana. Ilikuwa kweli.

— Ombi limekubaliwa, alisema Jaji. Weka, Waya. Atakayeongea analipia birika lijalo.

Waya akauweka mara ya tatu, akaongeza sauti mpaka kibanda kikatetema. Watu waliokuwa wakipita wakapunguza mwendo. Ng'ambo ya barabara, fundi seremala aliacha randa juu ya ubao akatazama huku. Mama Moto alianza kumimina kikombe cha mwisho, cha Jaji. Jaji akanyoosha mkono. Gitaa likajaa, ngoma zikapanda, besi ikaja kutoka chini ya benchi, na kikombe kikiwa njiani kuelekea mdomoni, kimya kikafika.

Sijawahi kuuona mtaa wetu hivyo. Randa ilikuwa kimya. Mkono wa Mama Moto ulikuwa umelishika birika hewani, limeinama, halitoi. Breki alikuwa amekanyaga chini na hakuinua mguu. Mama mmoja aliyekuwa na fuko kubwa begani alisimama katikati ya njia. Hata jogoo wa fundi seremala, ambaye hanyamazii mtu, alisimama na mguu mmoja juu. Na Jaji, na shati lake jeupe, alikuwa akitazama mbele kama mtu aliyeitwa jina.

Kisha ukuta ukaanguka, na kahawa yote ya Jaji ikaishia kifuani pake.

Hakuna aliyeongea mpaka wimbo ulipokwisha.

— Umemwagikiwa, alisema Breki.

— Sikumwagikiwa. Nilimwaga.

— Kwa hiari?

— Kwa hiari na akili timamu.

Mama Moto akaliinamisha birika juu ya ardhi mbele yetu sote. Halikutoa hata tone.

— Limekwisha, alisema. Mikono.

Wa Breki ulipanda kwanza. — Dereva yule namjua, hata kama simjui. Wimbo ubaki.

Mama Moto akainua mkono wenye kitambaa cha kushikia birika. — Ubaki na mvua yangu.

Waya alijikuna kidevu kwa mkono uleule aliotaka kuuinua, akauinua. — Mashabiki watatikisa wanachojua. Ubaki.

Jaji alikuwa bado anaitazama kahawa shatini. Hakuinua mkono. Nikaona vidole vyangu vimelishika shati la mteja kama nataka kulikamua. Ukutani hakukuwa na hata mkwaruzo.

— Nimefagia mahakama mpaka nikazeeka, alisema mwishowe, na sauti yake haikuwa ile ya Jumamosi. Kile kimya nakijua. Jaji wa kweli ameshavaa miwani, hajaanza kusoma. Mtu amesimama kizimbani. Mama yake yuko benchi la nyuma. Niliegemea fagio langu nikakisikia mara nyingi, nikadhani kinaishi humo tu. Sasa nimekisikia hapa, mchana, mbele ya kibanda cha simu.

Alinyanyua mkono taratibu.

— Albamu ya kwanza vijana hawa walipiga kelele kwa sababu waliogopa. Walidhani wakinyamaza kidogo tu, tutaondoka. Ya pili hivyohivyo, ila kwa nyuzi zilizolingana. Safari hii wamenyamaza, na nani aliondoka? Hata jogoo hakuondoka. Nilisema wamelainika. Nafuta kauli. Wimbo ubaki kama ulivyo, na kimya chake ndani. Atakayekigusa nitamfagia.

Nyuma ya ukuta, mtu mmoja aligonga toazi la ngoma mara moja tu, akalikamata lisilie zaidi. Nilijua ni Bodi. Nami niliinamia vifungo vyangu ili wasione uso wangu. Nilikuwa nimepewa kitu, na hakuna aliyenipa kwa sababu ya shule, wala mgongo wa mama, wala watoto waliopita na sare. Walimpa dereva wa lori. Walimpa karani, na setilaiti, na mvua. Nikavichukua vyote.

Waya akauweka tena, safari hii kwa kusherehekea, bila kahawa. Ndipo yule mama mwenye fuko akavuka njia akaja. Hakuwa wa mtaa wetu. Fuko lilikuwa limejaa ovaroli za kiwandani, magoti yamefumuka. Akasalimia benchi kwa heshima, benchi likaitikia, na kwa kuwa wimbo ulikuwa unaendelea hakutaka kuuvunja. Akasimama kando, fuko miguuni, akasikiliza kama mtu anayesubiri zamu yake. Kimya kilipofika alikunja uso. Ukuta ulipoanguka alishtuka akacheka. Ulipokwisha, akamgeukia Jaji, maana ndiye aliyekuwa na shati jeupe.

— Samahani, baba. Kwa nini fundi aliacha kushona?

— Fundi yupi, mama?

— Huyo wa humo ndani. Anashona vizuri, kona zake anazichukua taratibu. Halafu akaacha kabla mshono haujafika mwisho. Alipatwa na nini?

Breki alikanyaga chini, lakini hakuna neno lililofuata. Waya aliitazama spika yake kama imemsaliti. Mama Moto alilishika birika, akakumbuka kwamba ni tupu.

Nilisimama, nikaivuta shuka.

Cherehani ilikuwa pale ilipo siku zote, hatua chache kutoka benchini. Nilichukua ovaroli ya juu kutoka kwenye fuko la yule mama, nikakata kiraka, nikakiweka gotini, nikatunga uzi. Nikakaa, nikakanyaga.

— Ndiyo hiyo, alisema Breki. Jamani, ndiyo hiyo iliyokosekana tangu asubuhi. Aliitazama miguu yangu, akaitazama spika, akaitazama miguu yangu tena. Nikaona uso wake unaanza kulainika kwa namna ile ninayoijua. — Kumbe ni wewe. Pole, mwa...

— Usimpe pole, alisema Jaji. Hukumu imeshatoka.

Breki akameza neno lake. Nyuma ya ukuta Bodi alikuwa ameshaingia, taratibu, nyuma ya mguu wangu, na besi ya Yule ikamfuata. Nilishona upande wa kwanza wa kiraka, nikakaribia kona. Nikapunguza. Wakapunguza. Nikasimama, nikainua mguu wa mashine ili nigeuze kitambaa, na benchi zima, lenye vikombe vitupu mikononi, likasimama nami: hakuna aliyekohoa, hakuna aliyekanyaga chini, wananisubiri.

Sikuharakisha.